Kupima transista mezani: mita ya dijitali, ya mshale, kitesta cha kioo au globu ya gari, uanze na kipi?

Wiki iliyopita alikuja dogo mmoja anayejifunza ufundi kule Igoma, akanikuta mezani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, ana hela ya kifaa kimoja tu na hataki kukosea, akaniuliza "Bro, nichukue kile kitesta cha kioo kinachokuchorea transista au ninunue mita tu?" Nilikuwa na mteja kasimama mbele yangu nikamjibu kwa kifupi, chukua mita, basi. Usiku nikalifikiria lile jibu nikaona sijamtendea haki, maana swali lake lilikuwa zito kuliko jibu nililompa. Kila kifaa kina kitu kinakuonyesha na kitu kinakuficha, na ukishajua kipi kinaficha nini hutapeleka kazi mbovu kwa mteja. Kwaiyo hili hapa ndo jibu lenyewe, ni refu ila hela zenyewe ni za kutafuta.

Ili nisiongee kwa kukumbuka tu, jana jioni nimemwaga kopo langu mezani nikachagua transista kadhaa nikazipitisha kwenye vifaa vyote nilivyonavyo moja baada ya nyingine: C1815 ndogo ya redio, D1555 niliyoing'oa kwenye TV ya chogo, C5200 mbili, moja ya kwenye amplifaya ya zamani na nyingine mpya ya dukani, na mosfeti (transista zinazofunguliwa kwa volti) IRFZ44N na IRF3205 za kwenye inveta na kontrola za sola. Hizo ndo tunakutana nazo kila siku huku ziwani.

Mita ya dijitali, ile ya kawaida ya njano

Naongelea zile za aina ya DT830 ambazo kila fundi anayo au aliwahi kuwa nayo. Ukiiweka kwenye alama ya dayodi inatuma mkondo mdogo, kwenye nyingi ni kama miliampea 1, afu inakuonyesha volti zinazobaki kwenye jankisheni, yaani maungio ya ndani ya transista. Miguu yake ni mitatu: beisi inayoamrisha, na kolekta na emita ambamo mkondo mkubwa unapita. Transista ya silikoni ikiwa nzima utapata kati ya 0.5 na 0.7 kutoka beisi kwenda emita na kutoka beisi kwenda kolekta, ukigeuza waya haisomi kitu, na kolekta kwa emita haisomi pande zote mbili. Nyekundu ikiwa kwenye beisi ndo inasoma basi hiyo ni NPN, nyeusi ikiwa kwenye beisi ni PNP, hizo ndo aina mbili, umeme wake unaenda kinyume.

Sasa kuna kitu kidogo ambacho wengi wanakipita. C1815 yangu ilisoma 702 upande mmoja na 696 upande mwingine. Ile tofauti ndogo sio makosa ya mita, ile kubwa karibu siku zote ndo emita. Hapo umeshajua miguu mitatu yote bila kufungua datasheet (karatasi ya vipimo ya kiwanda), na hili ni la muhimu kwasababu miguu haifanani: uso bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, C1815 inaenda emita, kolekta, beisi, BC547 inaenda kolekta, beisi, emita, na S8050 ni emita, beisi, kolekta. Nimeshapokea redio zilizobadilishwa transista nzima kabisa ila imekaa kinyume, fundi wa kwanza alipima kabla ya kuweka ikawa nzima, akaweka, haifanyi kazi, akarudisha kwa mteja na kumwambia bodi imekufa.

Afu kuna lile tundu la hFE. Kwenye DT830 linaipa beisi kama maikroampea 10 na kolekta kama volti 2.8, linakusomea gaini, yaani mkondo wa beisi unazidishwa mara ngapi kwenye kolekta. Kwa transista ndogo liko vizuri tu, C1815 yangu ni ya kundi la GR ambalo gaini yake ni 200 mpaka 400, ikasoma 268. Ukitaka kuona kitu kizuri ishike kwa vidole viwili ikiwa humo humo ndani, utaona namba inapanda taratibu, 270, 274, 279, kwasababu transista ikipata joto gaini inaongezeka na volti ya beisi kwa emita inashuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja. Kwaiyo ukitaka kulinganisha transista mbili za kufanana usizishike, iache itulie kwanza ndo usome, na usiisome moja asubuhi nyingine saa nane mchana jua la Mwanza likiwa limewaka kwenye bati.

Ila lile tundu ukiliuliza habari za transista kubwa utapotea. C5200 kwenye amplifaya inabeba ampea nzima nzima, wewe unaipa maikroampea 10 kwenye beisi, ni sawa na kumpima mchukuzi wa pale Mwaloni kwa kumbebesha kijiko. Atakibeba, na yeyote mwingine atakibeba. Na zile redio za zamani zenye transista za jemaniamu (germanium, sio silikoni) kama AC128, zenyewe zinavuja kidogo kwa asili, na mita inahesabu ule uvujaji kama gaini, unaona namba kubwa unafurahi kumbe ni uchakavu.

Mitego miwili ya dijitali ambayo imeharibu vitu vingi.

Wa kwanza ni D1555 na ndugu zake wa TV za chogo. Nilivyoweka waya kwenye beisi na emita ilisoma 0.05 pande zote, ukiweka kwenye baza inalia. Fundi mchanga anasema imeshoti anaitupa. Haijashoti, ndani yake kuna resista ya makumi machache ya omu kati ya beisi na emita, na kuna dayodi kutoka emita kwenda kolekta, ndo maana kolekta kwa emita inasoma upande mmoja. Mi mwenyewe nilipoanza nilitupa mbili nzima kwa ajili hiyo na mteja akalipia mpya, jambo ambalo linaniuma mpaka leo. Jinsi ya kuitambua ni kuweka mita kwenye omu 200: ikisoma 40 au 50 hivi ni ile resista ya ndani, ikisoma 0 au 1 ndo imekufa kweli.

Wa pili ni mosfeti, ambayo miguu yake inaitwa geti (ya kuifungulia), dreni na sosi. Geti ya mosfeti inatunza chaji kama kapasita, ukigusa geti na waya nyekundu huku nyeusi iko kwenye sosi unaweza kuwa umeifungua, afu ukipima dreni kwa sosi inaonekana imeshoti pande zote mbili. Sio shoti. Gusanisha miguu yote mitatu kwa pamoja kwanza, kwa bisibisi au kidole, ndo upime upya: iliyo nzima inasoma dayodi kama 0.5 upande mmoja tu, na geti haisomi kwa mguu wowote. Na kinyume chake pia kipo, IRFZ44N inaanza kufunguka kati ya volti 2 na 4 na mita nyingi zinatoa chini ya volti 3 kwenye dayodi, kwaiyo kuna nzima kabisa ambayo haitafunguka kwa mita, usiihukumu, tumia betri ya volti 9 kuipa chaji geti.

Mita ya mshale

Vijana wengi siku hizi hawaitaki hii, na mimi naipenda sana. Yangu ni ya mtindo wa YX-360, nimerithi kwa fundi aliyenifundisha. Cha kwanza kujua: ukiwa kwenye omu waya nyeusi ndo inatoa chanya na nyekundu ndo hasi, kinyume na dijitali. Ukisahau hilo kila NPN utaiita PNP.

Uzuri wake ni kwamba unachagua nguvu ya kupimia. Kwenye x1 inaweza kusukuma mpaka miliampea 150, kwenye x10 miliampea 15, kwenye x1k maikroampea 150. Miliampea 150 ni mkondo wa kueleweka, jankisheni iliyochoka ambayo dijitali inaisoma 0.6 safi, huku unaona mshale haupandi kama wa mwenzake. Na uvujaji ndo kwao kabisa. Weka x10k, kolekta kwa emita, nyeusi kwenye kolekta kwa NPN, transista ya silikoni nzima mshale usitikisike hata kidogo. Ukiona umejisogeza, hata kidogo, hiyo transista inavuja na ndo inayokupa redio yenye kelele ya kukaanga au amplifaya inayopata joto bila kupiga muziki. Dijitali kwenye dayodi haikuambii hilo.

Kuna ile ya kidole ambayo mafundi wa zamani wote wanaijua. x1k, nyeusi kwenye kolekta, nyekundu kwenye emita, mshale umelala. Lowesha kidole kidogo kwa mate, gusa kolekta na beisi kwa pamoja, mshale unaruka. Kidole chako ndo resista. Ukipima transista mbili za namba moja kwa kidole kile kile unaona kabisa ipi ina gaini zaidi, na hujatumia tundu lolote wala miguu haijalazimishwa kuingia mahali.

Ila x10k inataka adabu. Pale betri ya volti 9 inaingia kazini, na beisi kwa emita ya transista nyingi ukiigeuza kinyume haistahimili volti nyingi, datasheet ya C1815 inasema 5 tu na BC547 inasema 6. Kwaiyo ukipima beisi kwa emita kinyume kwenye x10k mshale unaweza kupanda kwa transista nzima kabisa. Uvujaji upimwe kolekta kwa emita na kolekta kwa beisi, beisi kwa emita uishie x1k. Na betri zikichoka, ukigusanisha waya mshale haufiki sifuri hata ukizungusha kile kifundo, usipime chochote mpaka ubadilishe.

Kununua mpya leo? Ukipata iliyotumika yenye mshale mlaini usiosita, chukua bila kufikiria. Hizi nakala nyepesi za dukani zipo za kufaa na zipo ambazo mshale unakwama katikati, uijaribu palepale kabla ya kulipa.

Kitesta cha kioo

Sio ile testa ya bisibisi ya kupimia umeme wa ukutani, naongelea kile kibodi chenye kioo kidogo na soketi yenye kishikizo, unatumbukiza kitu chochote chenye miguu miwili au mitatu, unabonyeza, kinakuandikia ni nini na mguu upi ni upi. Vinauzwa vikiitwa M328, T4, TC1 na majina mengine mengi, ila asili yake ni kazi ya Mjerumani anaitwa Markus Frejek, afu mwenzake Karl-Heinz Kübbeler akaiendeleza, wakaiachia bure mtu yeyote aitengeneze, viwanda vya China vikafanya kweli. Nawashukuru sana hawa watu kwa moyo ule ingawa hawanijui.

Kwa kutambua vitu hakuna kinachokishinda kwenye meza yangu. Transista iliyofutika namba, umeiokota kwenye bodi ya mtumba, hujui ni NPN, mosfeti au regyuleta, kinakuambia kwa sekunde mbili na kukuchorea miguu. Kinakupa gaini, volti ya beisi, kwa mosfeti kinakupa volti ya kufungukia na ukubwa wa geti kwa nanofaradi. Hiyo ya mwisho ndo dhahabu yenyewe na watu wanaipita tu. Mosfeti kubwa ina kipande kikubwa cha silikoni ndani, na kipande kikubwa kina geti kubwa. Datasheet ya IRF3205 inaandika pikofaradi 3247 (yaani nanofaradi 3.2), ya IRFZ44N inaandika 1470, na kwenye kitesta iliyo orijino inasoma juu ya hapo kwasababu kinapima kwa volti ndogo. IRF3205 yangu ya zamani ilisoma juu ya 3.2 kama inavyotakiwa, mpya niliyonunua nanofaradi 1.1. Maandishi juu yanafanana, rangi inafanana, ndani kuna kitu kingine kabisa kidogo zaidi.

Hata kwa C5200 kuna dalili ukiwa makini. Ya zamani kilisoma gaini 92 na volti ya beisi milivolti 565, mpya kikasoma gaini 118 na milivolti 602. Ukiangalia gaini tu utasema mpya ndo nzuri zaidi. Lakini ile volti ya beisi kuwa juu kwa mkondo ule ule maana yake mkondo unapita kwenye eneo dogo, silikoni ni ndogo. Ni dalili, sio hukumu, na hapo ndo kitesta kinapoishia. Chenyewe kinatumia volti 5 kupitia resista za omu 680, ukipiga hesabu hakiwezi kutoa zaidi ya miliampea 7 hivi. Transista ya ampea 15 kuipima kwa miliampea 7 umejua jina lake, nguvu yake hujaijua. Ndo maana pia traiki nyingi kubwa (swichi za umeme wa AC) na IGBT (transista kubwa za volti nyingi) haizitambui, inakuandikia haijui au inakuambia ni resista, ukatupa kitu kizima.

Na kitu cha kuombea: usitumbukize kapasita ambayo hujaitoa chaji. Kapasita kubwa ya saketi ya kuwashia TV inaweza kubaki na volti 300 baada ya kuchomoa waya ukutani, ukiiweka kwenye kitesta kinakufa muda huo huo, na wewe mwenyewe ukigusa inakurusha. Itoe kwa resista au kwa globu ya nyumbani, afu hakikisha kwa mita.

Globu ya gari

Hii haiuzwi popote, unaitengeneza mwenyewe jioni moja, na kwa wanaotengeneza amplifaya, inveta na vifaa vya sola ndo ninayoiamini kuliko vyote vitatu vya juu.

Ngoja nisimulie kwanza kwanini. Kuna mzee wa Ukerewe ana kambi ya dagaa, huwa anachajia betri za taa kwa sola mchana ili usiku ziingie ziwani. Alileta kontrola yake, mosfeti zimeungua mbili. Nikanunua mpya dukani, nikazipima kwa mita, nzima, nikazipima kwa kitesta (kipindi hicho sikuwa najua habari za nanofaradi), nzima, nikafunga, ikawaka, akapanda meli akaenda. Siku ya nne akanipigia. "Fundi, kile chombo chako kinanuka." Nikamwambia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akarudia tu, kinanuka, na mwezi uko gizani. Wanaojua dagaa wanajua maana ya hayo maneno, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukishakuwa mkubwa hakuna kazi, kila usiku wa giza unaopotea haurudi mpaka mwezi mwingine. Alipoteza siku mbili na nauli ya kurudi. Sikumdai kitu na bado niliona ni mimi ninayedaiwa.

Ilivyorudi nikazipima zile mosfeti kwa globu kwa mara ya kwanza, nikaelewa.

Unachohitaji ni betri ya volti 12, globu ya taa ya mbele ya gari ya wati 55, fyuzi ya ampea 10, resista ya omu 100 ya wati 5, resista ya kilo 1 na ya kilo 10, kipande cha bati nene la kupoozea, na vibanio vya mamba. Chanya ya betri inapita kwenye fyuzi, inaingia globu, kutoka globu inaingia kolekta, emita inaenda hasi. Hapo beisi haijaunganishwa na kitu: globu inatakiwa iwe giza kabisa. Ikiwaka hata wekundu mdogo wa uzi transista imeshoti au inavuja, weka pembeni. Afu chukua omu 100 kutoka chanya ugusishe beisi. Hapo beisi inapata kama miliampea 112, globu inataka ampea 4.6, kwaiyo transista yenye gaini zaidi ya 41 kwa mkondo huo inaiwasha mpaka mwisho. Kwa PNP unageuza vyote.

Weka mita ya dijitali kwenye volti, kwenye miguu yenyewe ya kolekta na emita, sio kwenye waya. C5200 ya zamani: globu nyeupe kali, volti 0.31. Mpya yenye gaini ya 118: globu rangi ya machungwa, volti 3.4, na kabla sijahesabu kumi bati lilikuwa halishikiki. Ukipiga hesabu pale ilikuwa inapitisha kama ampea 3.9 kwa miliampea 112, yaani gaini imeporomoka mpaka 35, na zile wati 13 zinaliwa na transista yenyewe. Toshiba kwenye datasheet ya 2SC5200 wanaandika gaini isiyopungua 55 kwenye ampea 1 na isiyopungua 35 kwenye ampea 7. Hii imefika 35 kabla hata ya ampea 4. Kile kijiko ilikibeba vizuri, gunia limeilaza.

Kwa mosfeti unaweka kilo 1 kutoka chanya kwenda geti na kilo 10 kutoka geti kwenda sosi, globu kwenye dreni. Ukiachia ile kilo 1 globu izime yenyewe. Hapa utamu wake ni kwamba volti ukiigawa kwa ampea unapata omu za mosfeti. IRF3205 inatakiwa iwe na miliomu 8, kwa ampea 4.6 ni kama milivolti 37, na ya zamani ilisoma hapo hapo. Zile za mzee zilisoma milivolti 138, miliomu 30. Inaonekana kidogo, ila sola yake inasukuma ampea 17 mchana, piga 17 mara 17 mara 0.03 unapata karibu wati 9 za joto kwenye mosfeti moja badala ya wati 2 na kitu, ndani ya boksi lililofungwa, kwenye jua la kisiwani. Lazima inuke. IRFZ44N yenyewe inaruhusiwa miliomu 17.5, kwaiyo kwenye globu hiyo usitegemee chini sana ya milivolti 80 na usiilaumu.

Globu nayo ina kitu inaficha, tena kikubwa. Haijui volti. C5200 inatakiwa istahimili volti 230, amplifaya kubwa ina 70 chanya na 70 hasi, feki inaweza kupita kwenye betri ya volti 12 na kupasuka ikikutana na 140. Kwaiyo kazi ya amplifaya simalizi hapo, nikishafunga naiwasha mara ya kwanza kupitia globu ya zamani ya wati 100, ile ya uzi sio LED, iliyounganishwa mfululizo na waya wa umeme wa 230. Ikiwaka kidogo afu ikafifia, sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu nazima na hakuna kilichoungua. Usisahau kwamba mgongo wa transista hizi nyingi ni kolekta, ukiifunga kwenye bati bila mika (kile kikaratasi cha kuzuia umeme) unatengeneza shoti wewe mwenyewe. Na usiache jaribio la globu liende zaidi ya sekunde 15 hivi, unatafuta jibu sio kupika.

Oscilloskopu, kile kifaa kinachochora umeme kwenye kioo, pia inapima, ukiwa na transfoma ndogo ya volti 6 na resista unaweza kuchora mkunjo wa jankisheni kwenye kioo na ukaona kona ilivyochoka. Ni kizuri sana kukiona, ila kwa kazi ya kupima transista peke yake sitakushauri uinunue.

Sasa wewe uanze na kipi

Dogo wangu wa Igoma anatengeneza redio ndogo, chaja na sabufa za mtaani, ana hela ya kifaa kimoja. Jibu langu linabaki mita ya dijitali, ila safari hii namwambia na sababu: mita itampimia pia volti, waya, fyuzi na betri, kitesta hakikutengenezwa kwa kazi hizo. Hela inayobaki asiiweke kwenye mita yenye mbwembwe, aende gereji yoyote pale Nyakato aombe globu ya wati 55 ya mtumba na kipande cha bati, resista ni bei ya maandazi. Mita na globu kwa pamoja vinamjibu maswali mengi kuliko kitesta peke yake.

Wewe unayefanya kazi na bodi za mtumba, unang'oa vipuri na kuviuza au kuvitumia tena, kwako kitesta ndo cha kwanza, tena usikae bila hicho, muda utakaookoa kwenye kutafuta miguu utalipa bei yake haraka. Mosfeti zako uzipangie madaraja kwa nanofaradi.

Unayeshughulika na redio za zamani za wazee, zile za mbao na za National, mita ya mshale. Uvujaji ndo ugonjwa wa redio zile na mshale unauona.

Na kwa wenzangu wa inveta na sola, hasa mnaohudumia visiwani, Ukerewe, Kome, Ukara huko, ambako mteja akiondoka na kazi mbovu anarudi kwa nauli na usingizi wake: globu kabla ya kufunga, kila mosfeti mpya, hata kama ziko ishirini kwenye mfuko mmoja na muuzaji ni rafiki yako. Mi nimeongeza utaratibu mmoja, ile milivolti niliyoisoma naiandika kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa mosfeti kabla haijaingia kwenye bodi, kifaa kikirudi nafungua naipima tena, naona imebadilika kiasi gani.

Kontrola ya yule mzee ina 36 na 38 migongoni. Dogo nimemwambia aje Jumamosi na bati lake tutoboe matundu, drili ninayo.